Gari Linatoka Likijaa

Ukimuuliza konda wa Kwakoa gari linatoka saa ngapi, atakujibu neno moja: "Likijaa." Hiyo ndiyo ratiba yetu na hatuna nyingine. Hakuna ubao, hakuna karatasi iliyobandikwa, hakuna namba ya kupiga. Likijaa saa kumi na moja alfajiri, linatoka saa kumi na moja. Lisipojaa, mtakaa humo ndani mkitazamana mpaka jua liwapate, na ukishuka kwenda kujisaidia siti si yako tena.

Kwa msiotufahamu, Kwakoa ni kata ya Wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Anayepita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha anaiona Same, anaiona Lembeni, anaiona Kisangara na Mwanga yenyewe, na mkono wake wa kulia anaiona milima ya Upare imejipanga. Anadhani Upare umeishia pale. Sisi tuko nyuma ya milima hiyo, kwenye tambarare inayokwenda kugusana na hifadhi ya Mkomazi na mpaka wa Kenya. Milima ni mizuri kwenye picha. Kwa mtu anayetaka kufika ofisi ya ardhi kabla karani hajaenda kunywa chai, milima hiyohiyo ni ukuta.

Safari zetu huanza usiku. Gari la kwanza ndilo la uhakika, la pili ni la bahati, na la tatu ni hadithi. Kwa hiyo mwenye shughuli ya maana lazima awe barabarani kabla hakujapambazuka, na huku kwetu kutoka nyumbani saa kumi usiku si jambo la kujitakia. Tembo wa Mkomazi na wa Tsavo hawajui mpaka wa wilaya wala wa nchi. Mahindi yakianza kukomaa wanaingia mashambani, wanakula walichokuta, wanavunja matangi ya maji, na alfajiri wanarudi porini kwa njia zilezile tunazopita sisi kwenda kupanda gari. Mkomazi ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na watalii huletwa kwa Land Cruiser za kukodi kuwatazama tembo hao mchana kweupe. Sisi tunawaona bure, gizani, mtoto mgongoni na tochi ya simu mkononi. Wapo kati yetu waliogeuza njiani wakarudi kulala, na kliniki ya siku hiyo ikapita. Daktari akimuuliza mgonjwa kwa nini hakuja kwa tarehe aliyopangiwa, mgonjwa anaona aibu kusema ni tembo. Anasema gari lilikosekana, na wala hajadanganya.

Gari lenyewe ni Noah. Noah ilitengenezwa Japani kwa ajili ya baba, mama na watoto wao. Huku inabeba ukoo. Mbele, pembeni ya dereva, wanakaa wawili, mmoja wao akiwa ameiweka gia katikati ya magoti. Nyuma kila siti ya watatu ni ya wanne, na penye upenyo konda anaingiza kibao cha mti, anakuita "mzee wangu", anakukalisha hapo. Mtoto hana siti, ana mapaja, na mapaja hayo si lazima yawe ya mama yake. Juu ya keria wamefungwa mbuzi, gunia la mahindi, na sanduku la bati na godoro la mwanafunzi anayekwenda bwenini. Kila gari linapoingia kwenye korongo mbuzi wanalia juu, na abiria wa kiti cha nyuma wanajishika kwenye dari ili vichwa visigonge. Ukilalamika, konda anakujibu kwa adabu zote: "Mama, kama unataka kujinafasi, kodi taksi." Taksi ikionekana Kwakoa ujue imepotea njia.

Tuseme kweli, dereva hatumtupii lawama zote. Noah si yake. Ana tajiri wake mjini anayesubiri hesabu jioni, njia iwe na abiria au isiwe nao. Ndani ya siku hiyo kuna mafuta, kuna shokapu na bushi zinazoliwa na makorongo, kuna bima, kuna leseni ya njia, na kuna ile soda ya njiani ambayo haina risiti. Akitoka na siti nne tupu, siti hizo zinatoka mfukoni mwake. Sisi tungekuwa yeye tungengoja vilevile. Linalotukera ni kwamba kati ya dereva anayengoja gari lijae na abiria anayengoja gari liondoke hakuna mtu wa tatu. Hakuna mwenye ofisi ambaye ni kazi yake kusema: saa imefika, ondoka.

Na mafuta nayo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, inatangaza bei kikomo. Bei ikipanda, nauli inapanda siku hiyohiyo, kabla lori la mafuta mapya halijatoka bandarini. Ikishuka, tunaambiwa yaliyomo kwenye tangi ni ya bei ya zamani. Tangi hilo la bei ya zamani haliishi.

Tupige hesabu kidogo, maana Mpare bila hesabu halali. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipanga nauli ya basi la kawaida la masafa marefu kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa kila abiria. Kutoka Mwanga hadi Dar ni kilomita 500 hivi, kwa hiyo ni kama elfu ishirini na nne, na unakaa kwenye siti yako, dirisha lako, pengine na televisheni yenye filamu uliyokwisha kuiona. Sasa chukua bei unayotozwa na bodaboda kutoka Kwakoa hadi kwenye lami, uigawe kwa kilomita. Hatukutajii jibu kwa sababu linabadilika kwa mvua, kwa giza na kwa sura ya abiria. Lakini kila tulipoigawa, kipande hicho kifupi, ambacho unakipita umekaa mshikaki na watu wawili wengine huku begi liko kichwani, ndicho kilichotoka ghali kuliko safari nzima ya Dar.

Haikuwa hivi siku zote. Kuna wakati mwalimu, nesi, bwana shamba na mwenye duka walipanda gari moja na sisi. Gari lilijaa mapema kwa sababu wenye mshahara walikuwa humo ndani, na likichelewa, hao ndio waliokuwa na mdomo wa kwenda kusema wilayani wakasikilizwa. Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu, na kanuni za mwaka 2010 zikazihalalisha kubeba abiria. Mwalimu akakopa benki, akanunua yake. Nesi akakopa. Mwenye duka akanunua mbili, moja ya kwake na moja ya kumpa kijana amletee hesabu. Kila aliyejitoa aliacha siti tupu, na Noah ikangoja zaidi. Ilipongoja zaidi, mwingine akachoka, naye akajinunulia. Tuliobaki kwenye kibao cha mti ni wazee, wajawazito, wanafunzi na wagonjwa: wasioweza kupanda pikipiki na wasioweza kuinunua. Hatuwalaumu walioondoka. Tungekuwa na uwezo tungeondoka mbele yao. Ila wameondoka na sauti zao.

Wakubwa ndio hawakuwahi kuwa ndani tangu mwanzo. Wanakuja kwenye mkutano wa hadhara kwa mashangingi, vioo vimepandishwa, injini inaunguruma nje muda wote wa hotuba ili wakirudi ndani wakute baridi. Tukinyanyua mkono kuuliza habari ya usafiri, tunajibiwa habari ya barabara. Tunaambiwa kilomita ngapi zimechongwa, ngapi zimewekwa changarawe, makalavati mangapi yamejengwa, na fedha kiasi gani zimeombwa kwa mwaka ujao. Tunapiga makofi, kwa sababu ni kweli tunaitaka barabara. Halafu tunarudi nyumbani kwa miguu.

Hapo ndipo penye kidonda. Barabara si usafiri. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoundwa mwaka 2017 tulifurahi, na greda likipita tunalishukuru hadi leo. Lakini greda likishapita, wa kwanza kufaidi ni mwenye gari lake. Noah haiondoki mapema kwa sababu barabara imenyooka, inaondoka ikijaa. Nchi hii inajua idadi ya kilomita zake kwa desimali. Muulize anayeijua idadi hiyo ni magari mangapi ya abiria yalifika Kwakoa wiki iliyopita, na saa ngapi yalitoka. Hayo hayako kwenye taarifa yoyote tuliyowahi kusomewa.

Mnaweza kutuambia ni shida za shamba, tuhamie mjini. Watoto wetu wengi walishahamia. Desemba wakirudi kwa sikukuu tunakaa nao tunashindana nani anateseka zaidi, na mara nyingi mji unashinda.

Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 5.38. Watu hao hawakukaa juu kwa juu kwenye maghorofa kama wa miji ya sinema. Walitambaa. Walifuata Barabara ya Morogoro hadi Kibamba, ya Bagamoyo hadi Bunju, ya Pugu hadi Chanika, ya Kilwa hadi Mbagala na kupita, kisha wakaingia ndani ya mapengo: Goba, Madale, Kivule, Msongola, Mbande. Kijana wetu anapata kiwanja kwa bei anayoiweza, na bei anayoiweza iko mahali ambapo daladala haifiki. Anajenga chumba na sebule, anahamia dirisha likiwa limezibwa kwa mabati, anawapigia wazazi simu kwamba amekuwa na kwake. Ndipo anagundua kwamba kwenda kazini ni bodaboda, halafu bajaji, halafu daladala, na jioni ni kinyume chake. Analipa mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, na kila anaposhuka anaanza kungoja upya.

Dada zetu ndio waliotufundisha kitu kinachoitwa kugeuza. Jioni unatoka kazini umechoka. Kituoni kuna nyomi, gari likifika vijana wanaingia madirishani, mwenye sketi na mtoto anabaki chini. Basi unavuka barabara, unapanda gari linalokwenda usikotaka, unakwenda nalo hadi mwisho wa njia, linageuza nawe umo ndani, unarudi ukipita palepale ulipokuwa umesimama, safari hii umekaa. Nauli unalipa mbili. Ukifikiria vizuri, mtu anayekodi siti kwa kuzunguka mji si tofauti sana na sisi tunaolala barabarani kungoja Noah. Yeye ana taa za barabarani tu.

Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 tulifurahi pamoja nao. Kilomita 20.9, Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, basi lina njia yake peke yake, halina habari na foleni. Tuliokwenda Dar kwa matibabu au msiba tulipanda kwa makusudi, tukaona magari madogo yamesimama pembeni na sisi tunapita. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu kumpita mwenye gari. Raha hiyo hatuisahau. Wazungu wakaupa mji tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Mwaka huohuo Mto Msimbazi ukaingia kwenye karakana ya mabasi hayo ya Jangwani, ambayo ilijengwa bondeni mbele ya macho ya wataalamu wote. Mpango ulitaka mabasi 305. Kazi ilianza na 140. Watu waliongezeka, mabasi yalichakaa. Awamu ya pili ya Mbagala ilimwagiwa zege, vituo vikapigwa rangi, na vikakaa bila basi mpaka 2025. Oktoba ya mwaka huo abiria wa Kimara walichoka hadi mabasi yakarushiwa mawe. Mawe hatuyaungi mkono. Uchovu tunauelewa.

Ni uleule ugonjwa wa Kwakoa, ila umevaa suti. Zege lilihesabiwa, lilizinduliwa na kukatiwa utepe. Mabasi ya kupita juu ya zege yakawa jambo la baadaye.

Wakati huohuo mwenye gari hakusahauliwa. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa kuwa njia nane, kilomita 19.2, na kabla ya hapo, mwaka 2017, watu wa Kimara na Mbezi walivunjiwa nyumba ili kuipisha. Lakini tazama ilivyokaa: njia maalumu ya basi inaishia Kimara, na njia za magari zinaendelea kwa upana wa uwanja. Mwenye gari anapaa juu ya Ubungo kwa raha, akishuka anakuta foleni aliyoikwepa imemtangulia.

Kwa hiyo kijana wetu naye anakopa, ananunua IST iliyochoka barabara za Japani. Hatumcheki. Mke ana mimba, nyumba iko Kivule, mvua inanyesha, angefanya nini? Watani wetu Wachaga ndio wanaocheka. Wanasema Mpare hawezi kumiliki gari kwa sababu petroli haipashwi moto kesho yake kama makande. Tunacheka nao, lakini fedha inayochomwa pale tunaijua ilikuwa inakwenda wapi. Ilikuwa inakuja Kwakoa. Ilikuwa ni ada ya mdogo wake, dawa ya presha ya baba, bati tatu za kila mwaka mpaka paa limalizike. Siku hizi simu ya mwisho wa mwezi inaanza na pumzi ndefu: "Mama, gari limesumbua." Wamama wa Kwakoa ambao hawajawahi kushika usukani sasa wanajua giaboksi ni nini na inauzwa shilingi ngapi Ilala.

Hebu liangalieni hilo polepole. Mji unatanuka bila basi. Kijana anaziba pengo la basi kwa gari lake. Gari linakula fedha iliyokuwa ikija kijijini, na kijijini Noah inakosa abiria mwenye nauli. Inangoja zaidi. Foleni ya Tabata ina mkia, na mkia wake uko huku nyuma ya mlima.

Wazee wetu wanakumbuka enzi za Mwalimu Nyerere, mafuta yalipoadimika, magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mwenye gari naye alikaa nyumbani. Taifa lilikuwa na KAMATA kwa mabasi ya mikoani, na Dar ilikuwa na UDA tangu 1974. Msituelewe vibaya, hatuyaombolezi mashirika hayo. Mabasi yake tuliyangoja hadi tukaota mizizi, na mwaka 1983 serikali yenyewe ilikubali kuziruhusu daladala za watu binafsi kwa sababu UDA ilishindwa. Lakini zamani basi lisipokuja lilikuwa kosa la mtu, na mtu huyo alikuwa na ofisi na mlango. Leo lisipokuja si kosa la yeyote. Ni soko.

Reli nayo iko palepale. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, ikipita Same na Lembeni, ng'ambo ya milima yetu. Treni ya abiria ikafa, nyasi zikaota kwenye mataruma, wachunga mbuzi wakazoea kulala kwenye reli mchana. Desemba 2019 ikarudi kutoka Dar hadi Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Daraja la tatu kwenda Moshi ilikuwa shilingi 16,500, na mama mwenye mizigo ya ndizi na tangawizi alipumua. Haipiti kila siku, na haina mbio. Hata hivyo treni ina heshima moja ambayo sisi tunaionea wivu: inaweza kuchelewa. Noah yetu haiwezi kuchelewa, kwa sababu haijawahi kuahidi saa.

Na msituambie kwamba Mtanzania hajali muda. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma inatoka kwa dakika iliyoandikwa kwenye tiketi. Walioizoea ile ya zamani walifika stesheni na vikapu vyao dakika tano baadaye wakakuta mkia wake. Wiki iliyofuata walifika mapema. Hakuna aliyefanyiwa semina.

Mabasi makubwa nayo yana ratiba. Oktoba 2023 yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, na tulipokea habari hiyo kwa furaha ambayo haikudumu. Basi linatoka stendi ya Mbezi, Dar, kwa saa iliyopangwa na LATRA, lina kifaa kinachopiga kelele dereva akizidisha mwendo, likichelewa linaulizwa. Linakushusha Mwanga saa nane za usiku. Pale unapokanyaga chini ndipo nchi yenye ratiba inapoishia. Unakaa juu ya begi lako mbele ya duka lililofungwa, na mlinzi anakuuliza unakwenda wapi. Ukimwambia Kwakoa, anacheka kidogo, anakusogezea kipande cha boksi ukalie.

Wenye rufaa ya hospitali ya KCMC wanaujua usiku huo vizuri. Kliniki ya Moshi inataka uwe kwenye foleni asubuhi. Kutoka kwetu huwezi kuiwahi kwa siku hiyohiyo, kwa hiyo mgonjwa anaondoka siku moja kabla, analala kwa ndugu, na kama hana ndugu analala gesti ya bei ambayo mtu mzima hapaswi kuielezea. Akimaliza mchana, gari la kurudi Kwakoa limeshaondoka. Analala tena. Tiba ya dakika kumi imemla siku tatu na mbuzi mmoja. Halafu mtaalamu anakuja na takwimu kwamba watu wa vijijini wanachelewa kwenda hospitali kwa sababu ya imani potofu.

Hatuombi treni ya umeme. Lami hatutaikataa ikija, ila si yenyewe tunayoililia leo. Tunaomba saa. Leseni ya njia ya Kwakoa itolewe ikiwa na saa ndani yake, kama inavyofanywa kwa basi la Dar: gari la kutoka asubuhi baada ya tembo kurudi porini, na gari la kurudi alasiri baada ya ofisi na kliniki kumaliza kazi. Liwe limejaa au halijajaa, liondoke. Mkiweza kila siku, vizuri. Msipoweza, anzeni na siku za kliniki na siku ya gulio.

Mtauliza siti tupu atalipa nani. Swali zuri, na jibu lake si geni: hata Ulaya mabasi hayaishi kwa nauli peke yake, serikali zinaongezea, kwa sababu zilikwisha kuona kwamba basi ni kama taa ya barabarani, halingoji mteja ndipo liwake. Halmashauri yetu inajua kulipia mafuta ya gari ambalo ndani yake anakaa mtu mmoja na dereva wake. Ijifunze kulipia siti nne za Noah. Abiria wakishajua gari linatoka saa kumi na mbili na nusu, watakuja saa kumi na mbili na robo, mwalimu ataiacha pikipiki yake siku za mvua, na siti zenyewe zitaanza kujaa. Madiwani, mna kikao kila robo mwaka. Ajenda hii haihitaji mfadhili wala upembuzi yakinifu.

Na ninyi mnaotoa leseni za njia mkoani Kilimanjaro, kalamu iko mkononi mwenu. Kwenye karatasi ya Kwakoa andikeni saa mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, na chini yake namba ya simu ya mtu tutakayempigia gari lisipoondoka.